Mdhamini Aliyekataliwa: Kisa cha Shindano Kubwa la Farasi Uingereza na Fedha za Kampuni za Ubashiri

Kisa kwa ufupi

Majira ya baridi ya kuingia mwaka 2016, uwanja mmoja mkubwa wa mbio za farasi nchini Uingereza ulikuwa unaelekea tamasha lake la Machi huku moja ya mashindano yake makubwa likitafutiwa mdhamini mpya. Mdhamini wa zamani hakuwa amefilisika wala kuchoka. Ilikuwa kampuni kubwa ya ubashiri, yenye maduka nchi nzima, ambayo jina lake lilikuwa limekaa mbele ya jina la shindano hilo kwa takriban miaka kumi. Ilikuwa tayari kuendelea kulipa. Uwanja ukaikatalia.

Kukataa fedha za mdhamini wakati mbio zinahitaji fedha ni uamuzi mgumu, na wengi waliuona kuwa wa hasira. Mimi naona ulikuwa wa busara, ingawa ulikuwa na kasoro ambazo nitazieleza. Majina ya uwanja, kampuni na watu nimeyaondoa. Sheria, tarehe, kesi na vyombo vya umma nimeviacha kama vilivyo, kwa kuwa bila hivyo kisa hakieleweki.

Fedha za mbio zinatoka wapi

Kabla ya 1961, Mwingereza wa kawaida hakuruhusiwa kisheria kubeti kwa fedha taslimu nje ya uwanja. Tajiri aliyekuwa na akaunti ya mkopo kwa wakala wake aliweza kupiga simu. Fundi na mfanyakazi wa kiwandani walibeti vichochoroni. Sheria ya 1960 ikaruhusu maduka ya kubeti, na ya kwanza yakafunguliwa tarehe 1 Mei 1961. Wenye mbio wakaingiwa na hofu: mtu akiweza kubeti karibu na kwake, nani atakata tiketi ya kuingia uwanjani?

Jibu la Bunge lilikuwa tozo. Sheria ya 1961 iliunda Bodi ya Tozo ya Ubashiri wa Mbio za Farasi, na kila mchezeshaji wa beti za mbio akatakiwa kutoa sehemu ya mapato yake. Fedha hizo zina kazi tatu kisheria: kuendeleza mbio, kuboresha mbegu za farasi na kusaidia tiba ya wanyama. Kwa vitendo, humo hutoka sehemu ya zawadi za washindi, gharama za kupima dawa za kusisimua misuli na utafiti wa magonjwa na majeraha ya farasi.

Tangu 2002 tozo imekuwa ikihesabiwa kwa faida ghafi, yaani madau yote yaliyowekwa, ukitoa fedha walizolipwa walioshinda, kabla ya kugusa mishahara na pango. Wateja wakiweka jumla ya pauni 1,000,000 na mikeka iliyoshinda ikala 900,000, faida ghafi ni 100,000. Tozo ya asilimia 10 hapo ni pauni 10,000.

Njia ya pili ni haki za picha. Duka la kubeti bila runinga inayoonyesha mbio moja kwa moja halina mvuto, kwa hiyo maduka hununua picha kutoka kwa viwanja. Njia ya tatu ni udhamini: kampuni inalipia jina lake litangulie jina la shindano kwenye ratiba, magazetini, na kinywani mwa mtangazaji.

Ukitaka kuelewa mgogoro huu, fuatilia mkono unaopokea. Picha na udhamini huingia kwanza kwa uwanja, na uwanja ndio unaoamua, kwa mikataba yake, kiasi gani kifike kwenye zawadi. Tozo huingia kwenye Bodi, na kutoka huko inagawiwa kwa utaratibu unaojulikana. Mwenye farasi anayelipa mkufunzi kila mwezi, mpanda farasi anayepata asilimia yake ya zawadi, na kijana wa zizini anayeamka alfajiri kusafisha banda, wote hao wana uhakika zaidi na fedha ya tozo kuliko fedha ya mkataba ambao hawakukaa mezani ulipoandikwa.

Pengo lilivyofunguka

Tozo ya 1961 ilimlenga mchezeshaji aliyeko Uingereza. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu wa Leeds angebeti kwa kampuni iliyoko ng'ambo bila kutoka sebuleni.

Mwaka 1999 mchezeshaji mmoja maarufu alihamishia biashara yake Gibraltar, eneo dogo la Uingereza lililo kusini mwa Hispania, na kuwapokea wateja kwa simu bila makato ya kodi waliyokuwa wakikatwa nyumbani. Serikali ikashtuka, na Oktoba 2001 ikaacha kutoza kodi kwenye kila dau, ikaweka asilimia 15 ya faida ghafi. Kwa muda makampuni yalitulia. Kisha intaneti ikakua, na 2009 kampuni mbili kubwa kuliko nyingi nchini zikahamishia Gibraltar ubashiri wao wa mtandaoni. Maduka yakabaki yakilipa tozo. Mtandao ukawa haudaiwi chochote.

Wenye mbio walikuwa wamejaribu njia nyingine mapema zaidi. Walidai kwamba ratiba na orodha za farasi ni hazina ya data yao, na anayeitumia kibiashara alipe. Mwaka 2000 serikali ilikuwa hata imetangaza nia ya kuifuta tozo, mauzo ya data yachukue nafasi yake. Kampuni moja ikaburutwa mahakamani, na tarehe 9 Novemba 2004 Mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu: haki ya hazina ya data inalinda gharama ya kukusanya taarifa zilizokwisha kuwepo, hailindi gharama ya kuziunda. Mwenye mbio anaiunda ratiba mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuwatoza wengine kwa haki hiyo. Mpango wa kufuta tozo ukafa, na tasnia ikarudi kwenye sheria ya zamani yenye tundu.

Ndani ya sheria hiyo kiwango kilikuwa kikijadiliwa kila mwaka, na pande zikishindwa kuelewana waziri anaamua. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpango wa tozo wa 50 (kila mwaka ulikuwa na mpango wake wenye namba), ambapo uamuzi wa waziri mwaka 2011 uliweka asilimia 10.75. Lakini kupandisha asilimia kwenye maduka kulikuwa kukamua ng'ombe anayekonda. Mapato ya tozo, yaliyokuwa zaidi ya pauni milioni 110 mwaka wa fedha 2007/08, yalishuka hadi chini kidogo ya milioni 50 kufikia 2016/17.

Novemba 2014 sheria mpya ikamtaka kila anayechezesha beti kwa Mwingereza awe na leseni ya Uingereza popote alipo, na mwezi uliofuata kodi ya asilimia 15 ikaanza kumfuata mteja badala ya ofisi. Kampuni ya Gibraltar sasa ilikuwa na leseni ya Uingereza na ililipa kodi ya Uingereza, lakini tozo ya mbio bado haikuigusa. Hali hiyo isingeweza kutetewa kwa muda mrefu, na ninaamini ndiyo iliyowapa wenye mbio ujasiri.

Yaliyotokea kwa mfululizo

Kuelekea mwisho wa 2015, pande tatu ambazo mara nyingi hugombana, yaani mamlaka inayosimamia mbio, viwanja, na kundi la wenye farasi pamoja na wakufunzi na wapandaji, zilitangaza msimamo mmoja. Kampuni ya ubashiri iliyotaka udhamini mpya ilitakiwa kwanza iwe mshirika aliyeidhinishwa, na masharti ya kuidhinishwa ni kukubali kuchangia mbio kutokana na beti zake za mtandaoni hata kama sheria haikuilazimisha. Mikataba iliyokuwa hai iliachwa iishe yenyewe.

Kampuni tatu, zote nguvu zao zikiwa mtandaoni, zilitangazwa kuwa washirika wa kwanza. Kampuni kubwa zenye maduka hazikujiunga.

Mdhamini wa kisa chetu alikuwa miongoni mwa hao waliobaki nje. Muda wake ulikuwa umekwisha baada ya tamasha la 2015, akataka kuendelea, na uwanja ukasema hapana kwa sababu hakuwa ameidhinishwa. Shindano lenyewe si dogo: ni la kuruka viunzi, takriban maili tatu, na ndilo kilele cha siku yake katika tamasha linalokusanya farasi bora wa Uingereza na Ayalandi. Kampuni isiyo ya kamari ikachukua nafasi, na Machi 2016 farasi wakakimbia chini ya jina jipya.

Mwezi huohuo serikali, katika bajeti yake, ikaahidi tozo mpya ifikapo Aprili 2017. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetaja mpango tofauti, wa kuwapa wenye mbio haki maalumu ya kuuza ruhusa ya kubeti. Huo ukawekwa kando, tozo ikachaguliwa kurekebishwa.

Kwa kuwa tozo inahamisha fedha kutoka kundi moja kwenda jingine kwa nguvu ya dola, ilibidi Tume ya Ulaya iikubali chini ya kanuni za misaada ya serikali, maana Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Ufaransa ilikuwa imeshapita njia hiyo mwaka 2013 kwa tozo yake ya beti za farasi mtandaoni, na Waingereza wakatembea katika nyayo hizo. Tarehe 25 Aprili 2017 tozo mpya ikaanza: asilimia 10 ya faida ghafi inayotokana na beti za mbio za Uingereza, baada ya pauni 500,000 za mwanzo, kwa kila kampuni, iwe na duka Manchester au seva Gibraltar.

Kwa nini kila upande uliamua hivyo

Uwanja kwanza. Mtu akitazama hesabu ya siku ile moja, uwanja ulifanya hasara ya hiari. Kampuni ya ubashiri hulipia jina la shindano kwa bei ambayo kampuni ya vinywaji au bima haina sababu ya kuifikia, maana anayelitazama jina hilo ni mtu ambaye tayari ameshika simu akitafuta pa kuweka dau. Lakini uwanja huohuo unahitaji farasi waje. Zawadi za siku za kawaida zikidhoofika, mwenye farasi anauza, zizi linafunga, na siku za Jumanne zenye farasi watano watano hazina picha ya kuuza madukani. Uwanja wenye tamasha kubwa ulikuwa na uwezo wa kusubiri. Uwanja mdogo wa mashambani usingeweza.

Mdhamini naye alikuwa na hoja, na itakuwa dhuluma kuipuuza. Alisema analipa tozo kwa maduka yake yote, analipa haki za picha ambazo zimekuwa zikipanda, na juu ya hapo analeta udhamini. Kampuni nyingine zilizopongezwa kwa kujiunga hazikuwa na mtandao wa maduka, kwa hiyo hazikuwa na mzigo huo. Kwa mtazamo wake, aliyekuwa amebeba mbio kwa miaka mingi alikuwa anatolewa nje ya mlango na aliyefika jana.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inachanganya mambo mawili. Mchango wa duka ulikuwa malipo ya biashara ya duka. Beti za mtandaoni zilikuwa biashara nyingine, inayokua, inayotumia farasi walewale, na hiyo ndiyo iliyokuwa hailipi. Anayelipia nyumba moja hajalipia ya pili. Na udhamini, hata ukiwa mnono, kampuni iliununua kwa faida yake yenyewe: tangazo mbele ya wateja walio tayari. Kuuhesabu kama mchango ni kuhesabu fedha ya tangazo mara mbili.

Matokeo

Mwaka wa kwanza wa tozo mpya, 2017/18, Bodi ilikusanya takriban pauni milioni 95, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Utaratibu wa washirika walioidhinishwa ukakosa kazi, kwa kuwa jambo lililodaiwa kwa hiari sasa liliamriwa na sheria. Kampuni zenye maduka zikarudi kwenye udhamini. Shindano la kisa chetu lilikuwa limepata mdhamini wa ubashiri tena tangu 2017.

Mapato hayakukaa juu moja kwa moja. 2018/19 yalishuka hadi takriban milioni 78, maana faida ghafi hupanda na kushuka na matokeo ya uwanjani: farasi wanaopendwa na wengi wakishinda, mikeka inalipwa, na tozo inapungua. Miaka ya karibuni imevuka milioni 100.

Uchambuzi

Je, kukataliwa kwa mdhamini ndiko kulikoleta sheria? Hapana, na anayesimulia hivyo anarahisisha mno. Serikali ilikuwa imeanza kushauriana kuhusu tozo ya ng'ambo tangu 2014. Kukataa kulifanya kazi nyingine mbili, na zote naziona kubwa.

Ya kwanza, kuligawa kambi ya wachezeshaji. Kabla ya 2015 kampuni zote zilikuwa na maslahi yanayofanana ya kuona sheria inachelewa. Baada ya tatu kukubali kulipa kwa hiari, maslahi yao yakageuka: anayelipa peke yake anashindana akiwa na mzigo, kwa hiyo anataka mwenzake naye alipe. Waziri aliyetaka kubadilisha sheria sasa hakukuta ukuta mmoja. Pia hoja kwamba beti za mtandaoni haziwezi kubeba mchango ilikufa siku wenye biashara hiyo walipoubeba.

Ya pili, kulionyesha kwamba wenye mbio wako tayari kuumia. Tasnia inayoiomba serikali msaada huku ikipokea kila hundi kutoka kwa walewale inaowalalamikia haisikilizwi kwa uzito. Shindano kubwa likipoteza mdhamini wake wa miaka mingi hadharani, malalamiko yanapata ushahidi.

Kasoro zilikuwepo. Kuiacha mikataba hai iendelee kulikuwa lazima kisheria, lakini kulifanya msimamo uonekane wa nusunusu: wiki hii kampuni imekataliwa hapa, wiki ijayo jina lake lipo kwenye bango la uwanja mwingine. Mtazamaji wa kawaida hakuelewa. Pia makubaliano ya wauzaji wengi kumkataa mnunuzi mmoja yanagusa sheria za ushindani, na chombo chochote kinachofikiria njia hii lazima kimkalishe mwanasheria mezani kabla ya kutoa tangazo. Gharama nazo hazikugawanywa sawa: uwanja mkubwa ulipata mdhamini mwingine kwa sababu ya jina la tamasha, wakati shindano la kati, la Jumamosi ya kawaida, halina foleni ya kampuni za ndege na benki mlangoni. Sijaona mfuko uliowekwa kufidia waliobeba mzigo huo, na ulipaswa kuwepo.

Kasoro kubwa kuliko zote ilihamia ndani ya sheria mpya yenyewe. Tozo ya faida ghafi inafunga mkate wa kijana wa zizini kwenye hasara ya mteja. Wateja wakipoteza fedha nyingi zaidi, mbio zinanufaika. Serikali ikichukua hatua za kuwalinda walioathirika na kamari, mapato ya mbio yanatikisika. Hilo linanisumbua, na sidhani wenye mbio wamelitazama usoni kama inavyostahili.

Wasomaji wa huku kwetu wameiona sura nyingine ya jambo hili. Januari 2018 Kenya ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, kampuni kubwa ya ubashiri ilisitisha udhamini wake wote nchini, na ligi kuu ya soka pamoja na klabu mbili kongwe za Nairobi zikajikuta hazina mdhamini mara moja. Kodi ilishushwa hadi asilimia 15 kabla mwaka haujaisha. Tanzania nako Simba na Yanga ziliwahi kuvaa kifuani jina la kampuni hiyohiyo moja kwa wakati mmoja. Uingereza uwanja uliweza kumwambia mdhamini hapana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na tozo ya kisheria, hata kama ilikuwa imepungua. Klabu za Nairobi hazikuwa na kitu cha kuegemea, kwa hiyo mdhamini ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana. Mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii ulioundwa na serikali ya Kenya katika kipindi hicho, unaotegemea kodi za kamari, ni hatua kuelekea upande wa tozo. Kinachobaki ni ugavi: kama klabu na wachezaji wana uhakika wa kuona fedha hizo kwa utaratibu ulioandikwa.

Uingereza mvutano haukuisha 2017, umebadilisha sura tu. Tarehe 10 Septemba 2025 tasnia ya mbio iligoma kwa siku moja, mashindano yakaahirishwa, kupinga mpango wa serikali wa kuunganisha viwango vya kodi ya kamari za mtandaoni. Hofu yao ilikuwa kwamba kodi ikipanda, kampuni zitapunguza matangazo na udhamini wa mbio na kuwasukuma wateja kwenye michezo ya kasino. Bajeti ya Novemba mwaka huo ilipandisha kodi ya beti nyingine za mtandaoni hadi asilimia 25 kuanzia Aprili 2027, ikaziacha beti za farasi kwenye asilimia 15. Tozo imebaki asilimia 10 ileile ya 2017, na wenye mbio wanaendelea kudai ipandishwe.